Nyika, Mbuga na Ujangili: Maneno Matatu katika Historia ya Mwatate

Makala haya yanahusu maneno matatu ya Kiswahili na nchi moja. Maneno yenyewe ni nyika, mbuga na ujangili. Nchi ni Mwatate, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Voi, mahali ambapo barabara iendayo Taveta huachana na ile ipandayo milimani Wundanyi. Nia yetu si kutafuta asili ya maneno hayo, kwani kazi hiyo yataka mtaalamu wa isimu linganishi, na mwandishi wa makala haya si mmoja wao. Twakusudia kuonyesha kwamba kila neno kati ya hayo, lilipoingia katika vinywa vya wafanyabiashara, watawala na wahifadhi, lilibeba ndani yake hukumu fulani: nani aishi pale, nani asiyeishi, na nani aliyeiharibu nchi. Hukumu hiyo, ikipimwa kwa yale tuyajuayo sasa, mara nyingi haisimami.

Tuanze na nyika. Kwa Mswahili wa pwani, nyika ilikuwa ni bara kavu lililo nyuma ya mashamba yake: miiba, jua, na siku kadhaa za safari pasipo maji. Waliokaa kando ya nchi hiyo wakaitwa Wanyika, jina lenye dharau ndani yake, nao walilikataa hata katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda likashika. Johannes Rebmann alipovuka nyika ya Taru na kufika Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata akapita Taita hata akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliongozwa na watu wa pwani na kwa maneno yao. Kwa njia hiyo neno likaingia katika vitabu vya Ulaya na kuwa jina la nchi nzima baina ya pwani na nyanda za juu. Tangu hapo kila asomaye ramani aliona mahali patupu.

Ila Mtaita hakupaona patupu. Nchi yake ni milima mitatu, yaani Dawida, Sagalla na Kasigau, iliyosimama katikati ya uwanda kama visiwa baharini, na kila kisiwa kina habari na bahari yake. Mlimani kulikuwa na mvua, mashamba na makaburi. Uwandani kulikuwa na malisho, asali, kuni, na mashamba ya msimu chini ya milima kama yale ya Mwatate na Bura, ambako mito hushuka kabla ya kunyweka mchangani. Huko ndiko walikochimba marima ya kunasia nyama wakubwa. Tena palikuwa na fighi, vichaka vitakatifu vilivyolinda mipaka ya kijiji, ambamo kukata mti ni kuuita msiba. Fighi haikuwa hifadhi kwa maana ya leo. Ilikuwa ulinzi wa watu kwanza, na miti ilisalimika kwa sababu hiyo. Lakini ilisalimika.

Wala uwanda haukuwa bila watu. Waata, wawindaji ambao Waswahili huwaita Wasanye na Wagiriama huwaita Walangulo, waliijua kila dimbwi baina ya mto Galana na Kasigau. Misafara ya Wakamba ilipita na pembe ikielekea Mombasa. Yasemekana jina la Voi limetokana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyeuawa mwaka 1851 akiwa safarini na Ludwig Krapf karibu na mto Tana. Msomaji wa lugha atapendezwa na jambo moja hapa. Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana wa pembe: buri kwa zile kubwa, kalasha kwa zile ndogo, kipusa kwa ile ya kifaru. Ni msamiati wa ghala na mizani. Kwa ndovu aliye hai, namna anavyotembea, anavyochimba maji mchangani, anavyoangusha miti, lugha hiyo hiyo ina maneno machache mno. Watu wa pwani walimjua ndovu baada ya kufa kwake.

Biashara hiyo iliacha alama ambayo hapo zamani haikutambuliwa. Wasafiri waliopita Tsavo mwishoni mwa karne ya 19 hawasimulii makundi makubwa ya ndovu. Wanasimulia vichaka vizito vya miiba visivyopenyeka. Wataalamu wa mazingira wa baadaye wameyaunganisha mambo hayo mawili: vichaka vilistawi kwa kuwa ndovu, ambaye ndiye mfyekaji wake, alikuwa amepungua kwa kuwindwa. Ikiwa ndivyo, basi ile nyika ya kale, ambayo Mzungu aliidhani kuwa ni nchi isiyoguswa na mkono wa mwanadamu, ilikuwa tayari ni kazi ya soko la pembe. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na jamii zao kwa wingi. Kisha ikaja njaa kuu ya mwisho wa karne, ikifuatana na ndui, na vijiji vikahamwa.

Ni katika nchi iliyojeruhiwa hivyo ndipo reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipoingia. Kisa cha simba wala watu wa Tsavo wa mwaka 1898 chajulikana mno, hata sitakirudia. J. H. Patterson aliyewaua mwezi wa Desemba mwaka huo alikuja kudai kuwa walikula watu 135. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, uliochunguza kemikali za mifupa na manyoya yao, unakadiria watu kama 35. Hao nao si wachache. Simba hao nimewaona. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Marekani nilikwenda Chicago, katika jumba la makumbusho la Field, ambalo liliwanunua kwa Patterson mwaka 1924 baada ya yeye kuwafanya mazulia kwa miaka 25. Nilisimama mbele ya kioo nikitarajia kuogopa. Badala yake nilijikuta nikitafuta nyuma yao, katika mandhari iliyochorwa, mlima wowote nitakaoutambua. Wageni waliokuwa kando yangu waliondoka, nadhani, wakijua kuwa Tsavo ni mahali ambapo wanyama hula watu. Kwamba huenda walikula watu kwa sababu nyama wao wa kawaida walikuwa wamekufa kwa sotoka, na kwamba njia ya misafara ilikuwa imewazoeza maiti, ni habari inayohitaji subira zaidi kuliko ile apewayo mpita njia.

Kutoka nyika twaingia mbuga, lakini hatufiki mara moja. Kwanza palikuwa na vita. Wajerumani waliteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakaifanya Mwatate kambi. Mwaka 1915 walijenga reli kutoka Voi kupitia hapo hadi Maktau, wakijiandaa kuvuka mpaka. Mwaka huo huo watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani. Nyumba zao zikachomwa, nao wakahamishiwa Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi. Waliosalia walirudishwa Taita baadaye, lakini Kasigau yenyewe hawakuirudia ila katika miaka ya 1930, na walipofika waliona kuwa uwanda uliozunguka mlima wao umekuwa ardhi ya Taji. Nchi haikuwa tupu. Ilifanywa tupu, na kisha ikaandikwa kuwa tupu.

Kwenye milima na chini yake mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi, lakini njia ilikuwa hiyo hiyo. Ardhi nzuri ya Wundanyi ilitwaliwa kwa shamba la mzungu. Uwanda wa Mwatate ukafyekwa kwa mkonge, na mpaka leo msafiri atokaye Voi hupita safu zake zilizonyooka kwa kilomita nyingi. Mkonge haukuhesabiwa kuwa ni uharibifu wa mazingira. Ulihesabiwa kuwa ni maendeleo. Wataita waliokuwa wakibanana juu mlimani ndio walioambiwa kuwa wanaumiza udongo kwa kulima miteremko, na kuwa mifugo yao imezidi. Chama cha Taita Hills Association, kilichozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kupinga kuhamishwa kwa watu, kilikuwa na jibu rahisi: turudishieni ardhi, na udongo utapumzika. Mwaka 1940 kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association.

Tarehe 1 Aprili 1948 serikali ilitangaza hifadhi ya taifa ya Tsavo, ambayo punde iligawanywa kuwa Mashariki na Magharibi, zikiwa kwa pamoja zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ilichaguliwa nchi hii kwa sababu haikutakiwa na mtu yeyote mwenye sauti: kavu, yenye mbung'o, isiyofaa walowezi. Neno nyika lilikuwa limetayarisha njia kwa miaka mia moja. Leo takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi. Ukiondoa mashamba ya mkonge na ranchi, utaelewa kwa nini mkulima wa Mwatate hujiona kama mgeni aliyekalishwa ukingoni mwa mkeka.

Hapa ndipo neno mbuga lilipopata maana yake ya Kikenya. Asili yake ni uwanda tambarare wa majani, mara nyingi wenye kushika maji wakati wa mvua, na maana hiyo bado ni hai katika Tanzania, ambako kwa eneo lililotengwa kisheria husemwa hifadhi. Kwetu, mbuga ya wanyama imekuwa ni mahali penye lango, tiketi na askari. Mabadiliko ya maana si kosa. Lugha hufanya hivyo daima. Lakini yafaa tuone kilichopotea: neno la umbo la ardhi, ambalo mtu yeyote aliweza kulilima, kulilisha au kulivuka, limekuwa neno la mamlaka. Wenzetu wa Tanzania waliliita pori la Selous Shamba la Bibi, wakikumbuka kisa cha mfalme wa Ujerumani kumzawadia mkewe nchi hiyo, na katika utani huo mna uchambuzi wa kisiasa kuliko katika ripoti nyingi. Sisi tulikuwa na Bwana Nyama. Aliyekuwa na jukumu la wanyama alipewa jina ambalo, kwa kuwa nyama ni mnyama na pia ni kitoweo, wanakijiji hawakuweza kulitamka bila kucheka kidogo.

Ama ujangili, hilo ndilo neno zito kuliko yote. Jangili ni mhalifu, mtu mwovu. Na kwa neno hilo mwindaji aliingizwa katika kundi la wezi. Waata waliwinda ndovu kwa upinde mzito usiovutika na mtu asiyezoea, na mishale yenye sumu. Pembe waliziuza kwa wachuuzi waliozipeleka pwani, na faida kubwa ilibaki kwa hao wachuuzi. David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa Tsavo Mashariki tangu mwanzo wake hadi mwaka 1976, aliongoza pamoja na Bill Woodley msako mkubwa wa miaka 1956 na 1957. Wawindaji wengi walifungwa, na kwa muda wa miaka miwili hivi jamii nzima ya uwindaji ilivunjika. Baadhi ya wakuu wa hifadhi wenyewe waliona kuwa jambo fulani limekwenda kombo. Ndiyo maana mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, chini ya Ian Parker, ili Waata wawinde ndovu kwa idadi maalumu na kwa idhini ya sheria. Mpango huo haukudumu. Waata wakawa vibarua na wakulima wasio na ardhi.

Sitaki nieleweke kuwa ninatetea kila mshale. Upinde wa Waata uliua ndovu wengi, na soko lilipopanda waliua zaidi. Lakini tazama yaliyofuata baada ya mwindaji kuondolewa. Ndovu, wakifukuzwa kwa bunduki na mashamba kutoka sehemu nyingine, walijazana ndani ya mpaka uliochorwa na mwanadamu. Waliangusha miti na kuyabandua maganda ya mibuyu, na vichaka vile vizito vikageuka uwanda wa majani katika muda wa miaka 20. Mwaka 1961 vifaru kama 300 walikufa kwa ukame kando ya mto Galana. Richard Laws, mtaalamu aliyeletwa kuchunguza ndovu, alishauri maelfu wapunguzwe kwa kuuawa. Sheldrick alikataa, akisema maumbile yatajisawazisha yenyewe. Laws akaondoka mwaka 1968. Ukame wa 1970 na 1971 ukaua ndovu takriban 6,000, wengi wao majike na watoto ambao hawakuweza kwenda mbali na maji.

Wasomi wamebishana miaka 50 nani kati ya wawili hao alikuwa na haki. Kwa maoni yangu swali lenyewe lilikuwa na kasoro, kwani pande zote mbili zilijadili ndovu na miti kana kwamba binadamu alikuwa nje ya mizani hiyo tangu azali. Hakuna aliyemuuliza Mwaata.

Pembe za ndovu waliokufa zilitapakaa nyikani, na kuziokota kukawa mlango wa biashara mpya. Bei ya pembe katika soko la dunia ilipanda zaidi ya mara kumi katika miaka ya 1970. Waliokuja sasa hawakuwa na upinde. Walikuwa na bunduki za rashasha, magari, na wakubwa mijini wa kuwalinda. Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata, na mauaji yakaendelea. Ndovu wa Tsavo na viunga vyake, waliokadiriwa kuwa 35,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970, walihesabiwa kuwa kama 5,400 mwaka 1988. Vifaru, ambao walikuwa maelfu, walibaki wa kuhesabika kwa vidole. Mwezi wa Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuizuia biashara ya pembe. Idadi imepanda tena tangu wakati huo: hesabu ya 2021 ilikaribia 15,000. Yafaa kushukuru. Lakini lugha yetu imemwita jangili mzee aliyetega swala chini ya mlima wa Mwatate, na imemwita jangili vilevile mwenye rashasha na mnunuzi ng'ambo. Neno lisilotofautisha watu hao watatu halitufai mahakamani wala darasani.

Uharibifu mwingine hauna neno lolote kali. Juu ya Mwatate uko msitu wa Chawia, na mbele zaidi Ngangao na Mbololo, mabaki ya misitu ya mvua ya milima ya Tao la Mashariki, ambayo ncha yake ya kaskazini ni Taita. Uchunguzi wa picha zilizopigwa kutoka angani umeonyesha kuwa baina ya mwaka 1955 na 2004 nusu ya msitu wa asili wa milima hii ilitoweka, na kwa muda huo misonobari na mikalitusi ya kupandwa ikazidi. Katika vipande hivyo vichache wanaishi ndege wasiopatikana penginepo duniani, na mmoja wao, ndege mdogo ambaye wataalamu humwita apalisi wa Taita, yumo ukingoni mwa kutoweka. Hapa hakuna mgeni wa kumlaumu peke yake. Ni kweli kwamba tulibanwa milimani na mkonge na mbuga. Ni kweli pia kwamba fighi nyingi zilikatwa na watu waliokwisha kufundishwa kuwa ni ushirikina, na mikono iliyoshika shoka ilikuwa yetu. Chini uwandani, magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara, na mashimo ya vito huko Kamtonga hubaki wazi baada ya wachimbaji kuhama. Anayechoma makaa haitwi jangili. Anaitwa mtafutaji.

Nyanya yangu mzaa mama alilima Mwachabo, sehemu ya chini. Msimu mmoja, mahindi yakiwa yamekwisha kukomaa, ndovu waliingia usiku na kufikia alfajiri hapakuwa na shamba. Alikuwa amelala katika dungu akipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Alikwenda kuripoti katika ofisi moja, akaambiwa alete picha; hakuwa na kamera. Tangu siku hiyo hakuwaita ndovu kwa jina lao, si kwa Kidawida wala kwa Kiswahili. Aliwaita ng'ombe wa serikali, na alitaka kujua, bila mzaha, kwa nini ng'ombe wa jirani akila mahindi jirani hulipa siku hiyo hiyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia pia kwa mazao. Alikufa kabla yake.

Mambo yanajaribiwa. Magharibi ya Mwatate, wenyeji wa Lualenyi, Mramba na Oza waliunganisha ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii ya LUMO. Upande wa Kasigau kuna mradi wa kuuza hewa ya ukaa kwa kuuacha msitu wa nyika usimame, ambao tangu 2011 umeuza hati zake katika soko la dunia. Huko Sagalla tangu mwaka 2009 mashamba huzungushiwa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, naye huwaogopa nyuki, jambo ambalo wazee warina asali walilijua. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imekata Tsavo kwa tuta refu, ikiwa na vivuko chini yake vya ndovu, na si kila ndovu anayevikubali.

Nina ombi moja kwa watunga kamusi wenzangu, nalo ni dogo. Msamiati wa kuishi kando ya wanyama unapotea pamoja na waliouzungumza. Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili, kumi na wanane kwa jumla, maana ya dungu na ya rima. Neno la kwanza walilijua wawili, wote kutoka vijijini; la pili hapana. Maneno nyika, mbuga na jangili waliyaeleza wote bila kusita, na maelezo ya nyika, takriban katika kila karatasi, yalikuwa haya: mahali pasipo na watu. Kazi ya kukusanya maneno ya Wadawida, Wasagalla, Wakasigau na Waata kuhusu mvua, miti, njia za ndovu na ulinzi wa mashamba, pamoja na Kiswahili chao wanachokisema huko, ingali inangoja mtu wa kuifanya, na baadhi ya wazee watakaohojiwa wamepita miaka 80.